Unyevu ndani ya nyumba: chanzo chake, madhara yake na namna ya kuudhibiti

Masika yanapoingia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, malalamiko huwa ni yale yale katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa. Viatu vya ngozi vilivyowekwa chini ya kitanda huota ukungu wa kijani, nguo za kabatini hunuka uvundo, vitabu hunata kurasa, na rangi ya ukutani hufura na kubambuka vipande vipande.

Katika miji ya nyanda za juu, kama Nairobi, Arusha na Njombe, malalamiko ya namna hiyo husikika zaidi miezi ya baridi ya Juni na Julai. Huko matone ya maji hudondoka alfajiri kutoka kwenye mabati, hata kama usiku mzima haikunyesha mvua.

Wenye nyumba wengi huyaita maji hayo yote mvujo, na wa kwanza kuitwa ni fundi wa paa. Paa huzibwa, fedha hutumika, na baada ya wiki chache doa lile lile hurudi mahali pale pale. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya unyevu wa namna hii haitoki nje ya nyumba. Hutokana na hewa yenyewe iliyomo ndani ya chumba.

Hewa hubebaje maji?

Hewa yote ina maji ndani yake, yakiwa katika hali ya mvuke usioonekana kwa macho. Kiasi ambacho hewa inaweza kukibeba hutegemea joto lake. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 za Sentigredi huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 20, uwezo wake hushuka hadi gramu 17, na ikifika nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10.

Asilimia ya unyevu inayotajwa katika taarifa za hali ya hewa ni kipimo cha mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao hewa ingeweza kuubeba kwa joto hilo. Hewa ikipoa, asilimia hiyo hupanda ingawa hakuna maji yaliyoongezwa. Ikifika 100, mvuke unaozidi hulazimika kugeuka kuwa maji. Joto ambalo jambo hilo hutokea ndilo huitwa kiwango cha umande.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu. Baada ya dakika chache chupa hulowa kwa nje. Maji hayo hayakupenya kwenye kioo. Ni mvuke wa hewa ulioguswa na ubaridi wa chupa ukageuka kuwa matone. Ukuta, kioo cha dirisha, bomba la maji au bati la paa likiwa na ubaridi wa kutosha, hutenda kama chupa hiyo.

Chumba cha kawaida chenye upana wa meta 3, urefu wa meta 4 na kimo cha meta 3 kina meta 36 za ujazo wa hewa. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ndani yake mna takriban gramu 820 za maji, yaani zaidi ya robo tatu ya lita. Ikipozwa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 620 hivi. Gramu 200 zinazobaki, sawa na glasi moja ya maji, ni lazima zitue mahali fulani.

Maji yanayozalishwa na wakazi

Binadamu mwenyewe ni chanzo cha mvuke. Mtu mzima aliyelala hutoa makumi ya gramu za maji kwa saa kwa kupumua na kutokwa jasho. Watu wanne wakilala usiku kucha katika chumba kilichofungwa madirisha na milango, huacha hewani zaidi ya lita moja ya maji kabla ya kupambazuka.

Shughuli za nyumbani huongeza mengine. Kuchemsha maharage bila mfuniko, kuoga maji ya moto, kupiga deki na kuanika nguo sebuleni nyakati za mvua, vyote hupeleka maji hewani. Wataalamu wa majengo hukadiria kwamba familia ya watu wanne huweza kutoa lita 10 au zaidi kwa siku.

Chanzo ambacho wengi hawakifikirii ni gesi ya kupikia. Kilo moja ya gesi hiyo inapoungua kikamilifu huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Mtungi wa kilo 15 ukiisha, jikoni humo huwa kumepita zaidi ya lita 22 za maji, mbali na yale yaliyotoka kwenye masufuria. Mafuta ya taa nayo hutoa mvuke yanapoungua.

Mkaa hutoa mvuke kidogo, lakini hatari yake ni nyingine. Baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta au kuota moto. Jiko hilo hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Hakuna unyevu unaostahili kutibiwa kwa njia hiyo.

Pwani: hewa nzito na chumba kilichopozwa

Hewa ya pwani huwa imesheheni mvuke muda mwingi wa mwaka. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi Machi au Aprili, ina kiwango cha umande cha nyuzi 25 hivi. Maana yake ni kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 kitalowa kikiguswa na hewa hiyo.

Hapo ndipo kiyoyozi kinapoleta mkanganyiko. Kikitumiwa vyema, hukausha hewa, na yale maji yanayotiririka kwenye mpira wake wa nje ni mvuke uliotolewa chumbani. Lakini chumba kikipozwa hadi nyuzi 18, ukuta wake nao hupoa, na upande wa pili wa ukuta huo, kwenye korido au stoo isiyo na kiyoyozi, hewa ya nje huukuta ukiwa baridi na kuacha umande. Kabati lililoegemezwa hapo huanza kuota kuvu kwa nyuma pasipo mtu kujua.

Kuwasha kiyoyozi huku dirisha liko wazi huzidisha tatizo, kwa kuwa hewa yenye mvuke huendelea kuingia na kukutana na kuta zilizopoa. Vilevile kiyoyozi chenye nguvu kupita ukubwa wa chumba hupoza upesi na kuzima kabla hakijapata muda wa kutosha wa kukausha hewa. Chumba huwa baridi, lakini kikabaki na unyevu.

Chumvi nayo ina mchango wake. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapofika asilimia 75. Ndiyo sababu chumvi ya mezani hugandamana kikoponi katika nyumba za pwani. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa, au kwa maji ya chumvi, hubeba chumvi hiyo ndani ya kuta zake kwa miaka mingi. Ukuta wa namna hiyo hulowa alfajiri, hukauka mchana, kisha huacha unga mweupe unaosukuma rangi na plasta.

Nyanda za juu: mabati yanapotoa jasho

Katika maeneo ya baridi kisababishi kikuu huwa ni paa. Usiku usio na mawingu, bati hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa watu waliolala na wa chakula kilichopikwa jioni hupanda juu, hulikuta bati na kugeuka maji. Yakizidi, hudondoka.

Nyumba isiyo na dari huonyesha tatizo hili waziwazi. Yenye dari hulificha: maji hudondokea juu ya mbao na kuacha madoa ya kahawia yanayofanana kabisa na ya paa linalovuja. Tiba yake ni kuhakikisha kwamba hewa inapita kati ya dari na bati kupitia matundu ya kwenye vipaa na chini ya mapaa, na kwamba mvuke wa jikoni na bafuni hauna mwanya wa kupanda hadi huko.

Kutofautisha aina za unyevu

Kabla ya kutumia fedha ni vyema kujua ni unyevu wa aina gani. Unyevu wa mvujo huonekana baada ya mvua, huwa na doa lenye mipaka, na mara nyingi huanzia juu ya dirisha, kwenye kona ya dari au karibu na bomba. Mvua ikikatika, doa hupungua.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni na kwa kawaida hauzidi kimo cha meta moja hivi. Huacha mstari wa chumvi ukutani. Hutokea pale ambapo msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia maji, au ambapo nailoni ya chini ya zege ilichanika wakati wa ujenzi. Pia hutokea udongo wa bustani unaporundikwa ukutani hadi kupita tabaka hilo.

Unyevu wa umande hutokea penye ubaridi na pasipo na mzunguko wa hewa: kona za vyumba, nyuma ya makabati, chini ya magodoro yaliyolazwa sakafuni na pembezoni mwa madirisha. Dalili yake kuu ni madoadoa meusi ya kuvu yaliyotawanyika, yasiyo na mpaka maalumu.

Aina ya nne ni unyevu wa ujenzi. Zege, plasta na matofali ya saruji hutumia maji mengi, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka polepole. Sakafu ya saruji hukadiriwa kukauka kwa kasi ya milimita moja kwa siku pale hali inaporuhusu, hivyo sakafu ya milimita 50 huhitaji karibu miezi miwili, na zaidi wakati wa masika. Nyumba iliyopigwa rangi ya mafuta mapema hufungia maji hayo ndani.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji fundi. Kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni hubandikwa ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne na kuachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande unaotazama chumba, chanzo ni hewa ya ndani. Yakionekana upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani.

Funzo la nyumba za mawe

Wajenzi wa zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu waliishi na hewa hiyo hiyo bila kiyoyozi. Kuta zao nene za mawe ya matumbawe zilishikanishwa na kupakwa chokaa, na sakafu za ghorofani zilibebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha mvuke: ukuta hunyonya unyevu na kuuachia tena hewa inapokauka. Madirisha marefu, ua wa katikati na matundu ya juu viliuruhusu upepo wa kaskazi na kusi kupita nyumba nzima.

Ukarabati wa kisasa unapoziba kuta hizo kwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia ya kutoka. Hujikusanya ndani ya ukuta, huyeyusha chokaa cha zamani na kuozesha ncha za boriti zilizochimbiwa humo. Ndiyo maana wahifadhi wa majengo ya kale husisitiza kutumia chokaa badala ya saruji.

Nyumba nyingi mpya zimeacha hekima hiyo. Matundu ya hewa juu ya madirisha yamezibwa, na madirisha ya alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu. Wavu wa mbu, ambao hauepukiki, nao huziba kwa vumbi usiposafishwa, na hewa kidogo iliyosalia hukosa njia.

Madhara kwa afya

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Mwongozo huo unaeleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu wa kudumu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Haukuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Unashauri unyevu wenyewe uzuiwe.

Mbegu za kuvu ni ndogo mno na huelea hewani. Kwa watu wengi huleta mafua yasiyoisha na macho kuwasha, lakini kwa watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu athari huweza kuwa nzito. Utitiri wa vumbi, ambao ni chanzo kikubwa cha mzio, nao hustawi kwenye magodoro na mito pale unyevu unapozidi asilimia 50.

Tukio lililoishtua Uingereza linaonyesha uzito wa jambo hili. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki dunia katika mji wa Rochdale. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ulihitimisha kwamba alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kadhaa. Sheria iliyotungwa mwaka 2023, inayojulikana kwa jina la mtoto huyo, ilianza kutumika Oktoba 2025 na inawabana wamiliki wa nyumba za kijamii nchini Uingereza kuchunguza na kurekebisha unyevu na kuvu ndani ya muda maalumu.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake. Mwaka 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Wachunguzi walibaini kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba zenye unyevu kulichangia maafa hayo. Familia ya mjini inayoweka gunia la mahindi au karanga sakafuni, kwenye stoo isiyo na hewa, inajiweka katika hatari ya aina hiyo hiyo.

Namna ya kuudhibiti

Hatua ya kwanza ni kupunguza mvuke unaozalishwa. Sufuria zifunikwe, nguo zianikwe barazani badala ya chumbani, na mlango wa jikoni na bafuni ufungwe wakati wa kupika na kuoga huku dirisha la nje likiwa wazi. Feni ndogo ya kutolea hewa, iliyoelekezwa nje na si darini, husaidia sana.

Hatua ya pili ni kupitisha hewa. Madirisha mawili yanayotazamana yakifunguliwa kwa dakika 15 hubadilisha hewa ya chumba upesi kuliko dirisha moja lililo wazi. Katika nyanda za juu, hewa ya nje hubeba mvuke kidogo, hivyo kufungua madirisha asubuhi huleta nafuu ya haraka. Pwani hali ni tofauti: siku ya mvua hewa ya nje huwa nzito kuliko ya ndani, na manufaa makubwa hupatikana mchana jua linapowaka. Nyakati nyingine pangaboi husaidia kwa kuzuia hewa kutuama kwenye kuta.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa vyombo. Kabati na kitanda visogezwe sentimeta 5 hadi 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Godoro lisilazwe moja kwa moja sakafuni, na magunia ya nafaka iliyokaushwa vyema yawekwe juu ya vichanja.

Wenye viyoyozi wanashauriwa kuviweka kati ya nyuzi 24 na 26, kusafisha vichujio na kukagua mpira wa maji, kwani ukiziba maji hurudi ukutani. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya umeme. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 60, kuvu hupata shida kuota. Ukibaki juu ya 80 kwenye uso wa ukuta kwa siku kadhaa, kuota kwake ni suala la muda tu.

Kusafisha kuvu

Kuvu ya eneo dogo, lisilozidi meta moja ya mraba, huweza kuondolewa kwa maji ya sabuni na brashi. Anayesafisha avae glavu na barakoa, afungue madirisha, na asiikwangue ikiwa kavu kwa sababu mbegu zake huruka. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na dawa nyingine za kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa gesi ya sumu.

Kitu kilicholowa kwa mafuriko au bomba kupasuka kinapaswa kukaushwa ndani ya saa 24 hadi 48. Mazulia, magodoro na mbao laini za dari zilizokwisha kuota kuvu kwa ndani mara nyingi hazifai kuokolewa. Kupaka rangi mpya juu ya kuvu huficha doa kwa muda, lakini kuvu huendelea kuota chini ya rangi.

Mpangaji na mwenye nyumba

Unyevu huzua ugomvi kati ya wapangaji na wenye nyumba, kila upande ukiutupia mwingine lawama. Mwenye nyumba husema mpangaji hafungui madirisha. Mpangaji husema nyumba ni mbovu. Ripoti ya msuluhishi wa migogoro ya nyumba nchini Uingereza ya Oktoba 2021 iliwataka wamiliki waache kukimbilia kulaumu mtindo wa maisha wa wapangaji kabla ya kuchunguza jengo lenyewe.

Kwa haki, mgawanyo wa wajibu si mgumu kuuona. Paa, mabomba, msingi, ukubwa wa madirisha na matundu ya hewa ni mambo ya jengo, na mpangaji hawezi kuyatibu kwa kufungua dirisha lisilofunguka. Matumizi ya kila siku, kama kufunika sufuria na kuanika nguo nje, ni ya mkazi.

Anayetafuta nyumba ya kupanga, hasa pale anapotakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, afanye ukaguzi kabla ya kutoa fedha. Rangi iliyopakwa upya kwenye kona au ukuta mmoja tu ni dalili ya kuuliza. Afungue makabati na kunusa, apapase ukuta wa chini, atazame dari juu ya bafu, na ajaribu kufungua kila dirisha. Pale inapowezekana, aione nyumba asubuhi baada ya usiku wa mvua.

Doa jeusi la ukubwa wa sarafu huondolewa kwa sabuni na dirisha lililo wazi. Likiachwa misimu miwili ya mvua, gharama yake huwa plasta, dari, godoro na pengine kifua cha mtoto anayelala karibu na ukuta huo.